Mkalimani wa Nyanya

Tafsiri ni kazi ya kalamu; ukalimani ni kazi ya ulimi, tena papo hapo. Tofauti hiyo hufunzwa mapema katika kozi za lugha, na msichana mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa nyumbani kwa likizo alikuwa ameieleza vyema katika mtihani, akatoa na mifano. Lakini mtihani haukuwa na nyanya ndani yake.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Februari 2013. Wagombea wanane wa urais walikuwa wamesimama kwenye mimbari zao katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, katika mdahalo wa kwanza wa aina yake katika historia ya Kenya, uliorushwa na vituo kadhaa vya runinga na redio kwa wakati mmoja. Viungani mwa mji wa Voi, watu walikuwa wamesongamana katika kibanda cha kinyozi, maana ndicho kilichokuwa na runinga kubwa. Kinyozi alikuwa ameweka mashine zake kando. Nyanya aliketi kwenye benchi la mbele, leso begani, mikono magotini, na mjukuu wake akajibana kando yake ili amnong'oneze.

Waama, haikupasa kuhitajika mnong'ono. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikuwa kimekwisha kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena, sambamba na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, mdahalo ule uliendeshwa kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa. Ajabu ni kwamba wanasiasa wetu, wanapoomba kura juani, huiacha karatasi ya Kiingereza mfukoni na kumimina Kiswahili bila kukwama. Wakiingia mahali penye zulia, ulimi hubadilika.

Nyanya hakuwa mtu wa kuja kutazama sura. Mwishoni mwa Januari 2008, mwanawe wa pili alikuwa amerudi kutoka Naivasha na mfuko mmoja na kovu juu ya sikio, wala hakuwahi kusimulia alilopitia. Ghasia zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Sasa mmoja wa waliosimama kwenye mimbari, Uhuru Kenyatta, alikuwa akikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague kuhusiana na ghasia hizo, yakiwemo matukio ya Naivasha. Aliyakana. Mashtaka yenyewe yaliondolewa Desemba 2014, lakini usiku ule yalikuwa yangali mabichi, na nyanya alikuwa na swali moja tu. Alitaka kumsikia mtu huyo, kwa kinywa chake mwenyewe, akilisemea jambo lile.

Lililomponza mkalimani ni kwamba yeye alikuwa amekwisha kuchagua. Alimpenda mgombea huyo. Alimwona kuwa wa kizazi kipya, mwenye maneno mepesi ya kuzungumza na vijana, na pale chuoni alikuwa amemtetea usiku kucha dhidi ya wenzake wa chumba kimoja. Hilo si kosa. Mpiga kura ana haki ya kupenda. Ila mkalimani, anapoketi katikati ya watu wawili, haki hiyo huiacha mlangoni pamoja na viatu.

Swali la The Hague likaja. Mgombea akajibu kwamba mashtaka yale ni 'personal challenge', na kwamba angeweza kulisafisha jina lake huku kazi za serikali zikiendelea.

"Anasemaje?" nyanya akauliza.

"Anasema hiyo ni changamoto yake binafsi."

"Changamoto ndiyo nini? Ni shida au si shida?"

Swali hilo wangelishindania wahadhiri kwa kipindi kizima. Neno hilo wanahabari wamelizoea mno, hata njaa ni changamoto, barabara mbovu ni changamoto, mwizi wa mali ya umma naye ni changamoto. Lakini nyanya hakuwa na kipindi kizima. Alikuwa amemgeukia mjukuu wake, macho yake yakingoja.

"Ni jambo dogo lake mwenyewe, nyanya. Halitazuia kazi."

Mgombea hakusema 'dogo'. Wala hakuna kamusi iwezayo kumtetea msichana yule. Neno hilo lilitoka kifuani mwake, likapita ulimini kama lililotamkwa Nairobi.

Kitambo si kitambo, Raila Odinga akasema kwamba itakuwa vigumu kuiendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kinyozi alipiga kofi pajani.

"Wanacheka nini?"

"Mzaha tu, nyanya. Mambo ya mtandao."

Kutoka nyuma, mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa hajavua koti lake akasema, bila ukali, "Mwambie basi, dada. Mwambie alichosema."

Msichana alijifanya hakusikia. Wagombea wengine walizungumza, kuhusu ukabila, kuhusu afya, kuhusu elimu, na hayo yote aliyakalimani kwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Labda alidhani uaminifu wa baadaye utalipa deni la awali. Walirudi nyumbani kwa mwanga wa tochi bila kuzungumza sana, nyanya akitangulia.

Usiku usingizi ulimpaa. Hakuwa ameiba kitu, hakuwa amemtukana mtu. Lakini nyanya alikuwa ameutembeza mguu wake mbovu hadi pale kutafuta jibu la swali alilolibeba kwa miaka mitano, naye mjukuu akampa jibu la kwake. Alfajiri alimkuta jikoni akichambua kunde.

"Nyanya, lile neno 'dogo' la jana. Hakulisema yeye. Nililitia mimi."

Nyanya aliendelea kuchambua. "Nilijua."

"Ulijuaje na husikii Kiingereza?"

"Nilikuwa nikimtazama. Alipolisema, uso wake haukuwa wa mtu mwenye jambo dogo." Akazitupa kunde mbili mbovu nje ya mlango. "Na lile walilolicheka?"

Msichana akamweleza. Ilimbidi kueleza kwanza Skype ni kitu gani, kwamba mtu anaweza kuwa mbali na sura yake ikaonekana hapa. Nyanya hakucheka. Alisema tu kwamba mwanawe mwenyewe amekuwa hivyo tangu arudi, sura yake ipo hapa.

Tarehe 4 Machi walipanga foleni kabla ya jua kuchomoza. Kulikuwa na karatasi sita za kura mwaka ule, kwa kuwa serikali za kaunti zilikuwa zikizaliwa, na foleni ilisogea kwa mwendo wa kinyonga. Sheria humruhusu mpiga kura asiyejua kusoma kusaidiwa na mtu amchaguaye mwenyewe, naye msaidizi hutakiwa kutoa ahadi ya kutunza siri. Msichana alikuwa ameisoma kanuni hiyo. Alikuwa tayari kuahidi, na kwa hakika alikuwa tayari kuitimiza ahadi hiyo kuliko jambo lolote alilowahi kuahidi.

Zamu yao ilipofika, karani alimtazama nyanya, akamtazama na msichana aliyemshika mkono. "Mama, huyu ndiye atakayekusaidia?"

Nyanya aliuachisha mkono wake taratibu, akajifunga leso vizuri, akazipokea karatasi zake.

"La, mwanangu," alimwambia karani. "Si mna picha? Nyuso nazijua kuzisoma."

Akaingia peke yake.