Kutoka Iten Hadi Tot kwa Pikipiki

Mtu atokaye Eldoret kwa njia ya kaskazini mashariki hupita katika mashamba ya mahindi na ngano, nchi ya upepo baridi na malisho mazuri, wala haoni dalili yo yote ya kwamba nchi hiyo inakaribia kukatika. Afikapo Iten, ardhi yakwisha ghafula. Chini ya miguu yake liko bonde la Kerio, na ng'ambo yake yaonekana milima ya Tugen, rangi yake kama moshi. Iten iko karibu futi 8,000 juu ya bahari, na chini bondeni ni futi 4,000 hivi. Mwaka 1883 Joseph Thomson, yule Mskoti mpelelezi, alipita katika nchi hizi akienda upande wa ziwa kubwa, na wapagazi wake waliupanda ukuta huo wa mawe na mizigo vichwani.

Siku hizi Iten yasifiwa kwa ajili ya wakimbiaji wake, ambao hufanya mazoezi huko kwa kuwa hewa ni nyepesi. Lakini hewa hiyo nyepesi inayomfaa mkimbiaji yaweza kuidanganya injini ya pikipiki, na aliyejifunza jambo hilo kwa jasho lake ni Bwana Mifugo mmoja wa wilaya ile, mwaka 1986.

Bwana huyo alikuwa na pikipiki aina ya Yamaha DT 175, iliyofanywa kwa njia za mawe na matope: tairi zake zina meno makubwa, springi zake ni ndefu, na bomba la moshi limepandishwa juu lisigonge mawe. Injini yake ni ya namna ile ichomayo mafuta ya kulainisha pamoja na petroli, kwa hiyo hutoa moshi kidogo siku zote. Moshi huo ulikuwa ukimchukiza. Tena petroli ilikuwa ikimwishia kabla ya mwezi kwisha, na karani wa stoo hakuwa mtu wa kuongeza hata painti moja. Basi akampelekea fundi mmoja wa pale Iten, naye fundi akaifungua kabureta, akatoa ile jeti kubwa, yaani kijiti cha shaba chenye tundu lipitishalo petroli, akatia nyingine yenye tundu dogo zaidi. Tangu siku ile moshi ulipungua, injini ikalia vizuri kama cherehani, na petroli ikatosha. Bwana Mifugo akamsifu fundi kwa kila mtu.

Fundi yule hakukosa, kwa mahali pale. Katika kimo cha Iten mgandamizo wa hewa umepungua karibu robo moja kuliko ulivyo Mombasa, na injini ivutayo hewa haba yahitaji petroli haba. Kosa lilikuwa moja tu: hakuuliza pikipiki hiyo inakwenda wapi.

Siku moja ikaletwa habari kwamba homa ya mapafu imeingia katika mbuzi wa upande wa Tot, na watu wameambiwa wakusanye wanyama wao. Chanjo ikatiwa katika sanduku la barafu, likafungwa nyuma ya kiti kwa kamba za mpira. Chanjo ya namna hii ikipata joto haina kazi tena, na barafu katika Kerio haina maisha marefu. Bwana Mifugo akaondoka alfajiri.

Kutoka Iten njia hushuka kwa kona kali mpaka Tambach, ambapo zamani za ukoloni palikuwa na boma la wilaya, kisha hushuka tena mpaka Biretwo. Kila maili moja mavazi huwa mazito mwilini: aliyevaa koti juu hulivua Tambach, na Biretwo hufungua vifungo vya shati. Vichaka huchukua mahali pa misitu, na migunga yenye miiba huchukua mahali pa vichaka. Katika mteremko mrefu kama huo, waendeshaji wengi hufunga mafuta kabisa na kuiacha injini ishike pikipiki kwa gea. Kwa injini ya namna hii si jambo jema, kwa kuwa pistoni huenda mbio na huku mafuta ya kulainisha yaingiayo ni haba. Yafaa kufungua mafuta kidogo mara kwa mara ili pistoni ipate kunywa. Bwana Mifugo alilijua hilo, akafika chini salama.

Shida ilianza alipoelekea kaskazini kwa njia ya bondeni, mchanga na mawe, na mito mikavu ya kuvuka. Katika mchanga pikipiki hudai nguvu, nayo mkono wa mafuta hufunguliwa mpaka mwisho. Injini ikaanza kulia kwa mlio mkavu, kama kokoto ndani ya debe. Kisha nguvu ikapungua, na mara gurudumu la nyuma likashikwa likaburura mchanga. Akavuta klachi upesi, na ndiyo iliyomwokoa asianguke. Injini ilikuwa imekwama. Aliingoja ipoe chini ya mgunga, akaipiga teke, ikawaka kama kwamba hakuna lililotokea. Mwendo wa maili mbili tena, ikakwama mara ya pili. Hapo vijana waliokuwa wakichunga walimsaidia kuisukuma mpaka Arror, jua likiwa limekwisha kupanda.

Pale Arror palikuwa na fundi mzee aliyekuwa akitengeneza baiskeli na mashine za kusaga, chini ya mwembe. Alipoambiwa habari ya sanduku, alilitia kwanza kivulini na kulifunika gunia la maji, ndipo akaigeukia pikipiki. Wala hakushika spana. Alifungua kifuniko cha tangi, akasikiliza kama hewa inavuta, kwa maana tundu dogo la kifuniko likizibwa na vumbi petroli haishuki. Halikuwa limezibwa. Akachomoa mpira wa petroli. Petroli ikamwagika vema. Akaupapasa mpira unaounganisha kabureta na silinda, akitafuta ufa, kwa kuwa ufa huingiza hewa isiyopita katika kabureta. Haukuwapo ufa. Akafungua chujio la hewa, sifongo iliyolowanishwa mafuta, akalikuta limejaa vumbi kiasi. Akalifua kwa sabuni, akalikamua kwa kulibana bila kulisokota lisipasuke, akalianika. Ni baada ya hayo tu alipoitoa plagi.

Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, petroli imezidi. Plagi hii ilikuwa nyeupe kama jivu, na katika weupe ule palikuwa na vitone vidogo ving'aavyo, ambavyo ni madini ya pistoni yenyewe. Mzee alimpa Bwana Mifugo aitazame, asiseme neno. Kisha akashusha bakuli la kabureta, akaitoa jeti na kuisoma namba yake kwa kuikaribisha machoni.

"Bwana Mifugo, nani aliyekutilia hii?"

"Fundi wa Iten, mzee. Ilikuwa inatoa moshi."

"Aliitengeneza iwe ya Iten. Huku hewa ni nzito, nayo petroli ni ile ile ya juu. Injini ina njaa, nayo ikiwa na njaa hupata joto."

Jeti ya kwanza ilibaki Iten, na Arror hapakuwa na nyingine. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama akatoa shauri kwamba tundu lipanuliwe kwa waya. Hili hufanywa na wengi, na ni ufundi wa hasara, kwa maana tundu likichubuliwa mara moja halirudi, na namba iliyoandikwa juu yake huwa uwongo. Mzee alikataa. Alifungua bomba la moshi akachungulia pistoni kwa njia ya tundu la silinda: ilikuwa na mikwaruzo myembamba, si mifereji. Akakanyaga teke polepole kwa mkono, akaona injini bado yasukuma kwa nguvu.

Ndani ya kabureta mna sindano inayoning'inia katika bamba lipandalo na kushuka. Sindano hiyo ndiyo hutawala petroli mafuta yakifunguliwa nusu. Jeti kubwa hutawala yakifunguliwa yote. Juu ya sindano mna vijino vitano na pini ndogo. Mzee alishusha pini mpaka kijino cha chini kabisa, na kwa hivyo sindano ikapanda na kupitisha petroli zaidi. Hata hivyo hakuweza kuiponya ile sehemu ya mwisho. Basi akakata ukanda mwembamba wa mpira wa baiskeli, akaufunga katika mpini wa kulia, akachora alama kwa chaki.

"Usizungushe kupita hapa, hata mchanga ukikushika. Shuka usukume."

Akapunguza na upepo wa tairi kidogo, zipate kukanyaga mchanga kwa upana, akalegeza cheni iliyokuwa imekazwa mno, kwa kuwa springi ndefu zikibonyea cheni hukazika. Aligonga njiti za magurudumu kwa spana moja moja akisikiliza mlio. Mbili zilitoa sauti ya ufa, akazikaza. Ujira aliotaka ulikuwa mdogo, na Bwana Mifugo akauongeza.

Kutoka Arror mpaka Tot njia hupita chini ya ukuta wa mlima ambamo Wamarakwet walichimba mifereji yao tangu zamani, wakiyashika maji ya mito ya juu na kuyapitisha kando ya majabali juu ya miti na mawe, mpaka mashamba ya mtama na mahindi. Mgeni akiitazama hushangaa jinsi maji yanavyoonekana kama yanapanda. Bwana Mifugo hakutazama mengi siku hiyo. Alikwenda mwendo wa nusu, jicho lake katika alama ya chaki, na mara tatu alishuka akasukuma. Alifika Tot jua likielekea kuchwa. Barafu ilikuwa imebaki vipande kama ngumi ya mtoto, lakini maji yake bado yaliuma vidole. Mbuzi walichanjwa mpaka giza lilipoingia, na waliobaki wakachanjwa alfajiri.

Alirudi kwa njia ya Chesoi na Kapsowar, ambayo hupanda ukuta kwa kona moja juu ya nyingine. Kadiri alivyopanda injini ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi, kwa kuwa sindano sasa ilikuwa imezidisha. Huko Chesoi, kwa mikono inayotetemeka kwa baridi, aliifungua kabureta mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwake, akairudisha pini katika kijino cha kati. Kukohoa kukakoma.

Kesho yake alikwenda kwa yule fundi wa Iten, hakumgombeza. Waliitafuta ile jeti ya zamani katika mkebe wa maziwa uliojaa nati na misumari, wakaipata. Tangu hapo, chini ya kiti cha pikipiki ile palikuwa na kibweta cha bati chenye plagi mpya na kitambaa, na ndani ya kitambaa jeti moja iliyofungwa karatasi. Kwa kawaida karatasi iliandikwa "Kerio". Akienda bondeni, zilibadilishana mahali.