Wino Unaishia Wapi? Uchapaji Unaojali Mazingira, Ulaya na Kituku

Nchini Ubelgiji, Ufaransa au Ujerumani, kampuni ya uchapaji inayojali mazingira hujulikana kwanza kwa alama ndogo zinazopigwa chini ya ukurasa wa mwisho wa kazi zake. Blauer Engel, yaani Malaika wa Buluu, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1978 na leo hutolewa hata kwa chapa zinazotumia karatasi iliyosindikwa upya na wino unaoweza kuondolewa kwenye karatasi hiyo baadaye. FSC, alama ya baraza lililoundwa mwaka 1993, huthibitisha kwamba nyuzi za karatasi zimetoka katika misitu inayotunzwa. Nayo Imprim'Vert, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1998, haishughuliki na karatasi hata kidogo, bali huangalia namna karakana inavyohifadhi vimiminika vyake vya hatari na mahali inapopeleka taka zake. Wakongomani wanaoishi huko huzikuta alama hizi kwenye vipeperushi na barua za manispaa, na baadhi yao huona kwamba Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, nayo ingepata uchapaji safi kama wapiga chapa wake wangepewa alama za aina hiyo. Makala hii inatetea hoja tofauti: kwamba alama hizo ni kilele cha mfumo mrefu wa huduma ambao Goma haina, na kwamba mpiga chapa wa Kituku, kwa kuwa hana wa kumpokelea taka zake, hulazimika kuanza kufikiri mapema zaidi kuliko mwenzake wa Liège nchini Ubelgiji, tangu dakika ile kazi inapoagizwa.

Kituku ni bandari na soko kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, upande wa magharibi wa jiji la Goma, mahali ambapo mashua kutoka Idjwi, Minova na Kalehe hushusha maharage, ndizi na makaa, na ambapo wakazi wengi huja kuchota maji ya ziwa kwa madumu. Soko kama hilo halikosi mahitaji ya chapa, kuanzia vitabu vya risiti na tiketi za mashua hadi kadi za arusi, mitihani ya shule, matangazo ya misiba na yale mabango ya kuning'inizwa ambayo watu wa Goma huyaita kalikoti. Jiji lenyewe limejengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, ile iliyopita katikati ya mji mwezi Januari 2002 na kufika tena kwenye viunga vyake tarehe 22 Mei 2021. Jiwe hilo lina matundu na nyufa, udongo wa juu ni haba, na hakuna mtandao wa mabomba ya maji taka, kwa hiyo kinachomwagwa nyuma ya duka hakikai juu ya ardhi wala hakichujwi na udongo mzito, bali hushuka kuelekea ziwani.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kujua mashine hutumia nini. Njia ya ofseti, ambayo bado ni nguzo ya uchapaji wa kibiashara, hufanya kazi kwa sababu mafuta na maji hayachanganyiki: herufi na picha huwekwa kwenye bamba jembamba la aluminiamu, sehemu zenye herufi hupokea wino wa mafuta, sehemu tupu hushika maji, kisha wino huhamia kwenye mpira uliozungushiwa silinda na kutoka hapo kwenye karatasi. Mara nyingi maji hayo huongezwa spiriti ya isopropili ili yatandae vizuri, na spiriti hiyo hupaa hewani ikavutwa na wafanyakazi. Mpira na rola husafishwa kwa viyeyushi, yaani vimiminika vya asili ya petroli vinavyoyeyusha wino. Na kabla rangi nne hazijakaa mahali pake, karatasi nyingi huharibika.

Ulaya kila kimoja kati ya vitu hivi kina mtu wa kukipokea. Gari hupita kuchukua matambara yenye wino, yakafuliwa kiwandani na kurudishwa. Mabamba yaliyotumika hununuliwa na wayeyushaji wa aluminiamu. Makombo ya karatasi hufungwa marobota na kurudi kwenye viwanda vya karatasi. Viyeyushi vichafu huchukuliwa na kampuni zenye leseni. Juu ya hayo ipo sheria, kwani tangu mwaka 1999 Umoja wa Ulaya umeweka viwango vya mvuke wa viyeyushi unaoruhusiwa kutoka viwandani, viwango ambavyo baadaye viliingizwa katika maelekezo ya mwaka 2010 kuhusu uchafuzi wa viwanda. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya usafi wa mpiga chapa wa Ulaya hununuliwa kwa mikataba, na si haki kumsifu yeye peke yake kwa kazi inayofanywa na jamii nzima iliyomzunguka, kama isivyo haki kumlaumu mwenzake wa Goma kana kwamba naye alikuwa na mikataba hiyo akaikataa.

Hata hivyo, kukosa huduma si ruhusa ya kumwaga. Kanuni moja ya Imprim'Vert inaweza kutekelezwa Kituku bila mkaguzi wala cheti: kila dumu la kiyeyushi au wino mchafu liwekwe ndani ya beseni linaloweza kubeba ujazo wake wote likipasuka. Kiyeyushi kilichosafishia rola kinaweza kuachwa kitulie katika dumu lililofungwa vizuri, sehemu angavu ya juu ikatumika tena kwa kusafisha kwa mara ya kwanza, na tope linalobaki chini likanywewa na unga wa mbao kutoka kwa maseremala, kisha likafungiwa kwenye pipa. Pipa hilo halina pa kwenda kwa sasa, na ukweli huo usifichwe; lakini sumu iliyofungiwa kwenye pipa mahali panapojulikana ni bora mara nyingi kuliko sumu iliyo njiani kuelekea dumu la maji ya mtoto. Mabamba ya aluminiamu ni habari njema zaidi, kwa kuwa aluminiamu kuukuu ina bei kote Afrika Mashariki na huyeyushwa kuwa sufuria, na bamba la ofseti ni aluminiamu iliyo karibu na safi kabisa, tofauti na vyuma vya injini ambavyo huweza kuchanganyika na risasi. Kinachotakiwa ni kulisafisha wino kabla ya kuliuza.

Liko jambo moja ambalo nyumbani lina uzito kuliko ughaibuni, nalo ni wino wenyewe. Ulaya karatasi iliyotumika hurudi kiwandani. Goma, kama katika miji mingi ya ukanda huu, hurudi sokoni. Karatasi za mitihani ya mwaka jana, fomu zilizoharibika na makombo ya karakana hufungia karanga, maandazi na sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, na mafuta ya chakula huvuta mafuta ya wino kutoka kwenye karatasi. Wino wa kawaida wa ofseti huweza kuwa na mafuta ya madini, yaani mafuta yanayotokana na petroli, na baadhi ya viambato vyake hushukiwa kudhuru afya. Ufaransa ilianza kuyawekea marufuku kwenye vifungashio tarehe 1 Januari 2022, na mwaka 2025 marufuku hiyo ikafikia chapa zinazokusudiwa kusomwa na umma. Nchi ambayo raia wake hawafungi chakula kwa karatasi za mitihani imeona haja ya kuchukua hatua hiyo. Basi mpiga chapa wa Kituku, ambaye kazi yake iliyoharibika hufika mdomoni ndani ya wiki chache, ana sababu kubwa zaidi ya kuulizia wino wa mafuta ya mimea, kama vile soya au pumba za mpunga. Mashine za Risograph, ambazo shule na ofisi nyingi za Afrika huzitumia kutoa mitihani na barua, tayari hutumia wino wa namna hiyo katika matoleo yao ya karibuni, hazihitaji joto la kukaushia wino, na kwa hiyo hazili umeme mwingi. Wengi huzidharau kwa kuwa hazing'arishi picha, lakini kwa kazi ya maandishi ya nakala mia chache ni vigumu kupata njia iliyo safi kuliko hiyo.

Karatasi zote hizo, hata hivyo, si tatizo kubwa likilinganishwa na kalikoti. Zamani zilikuwa vitambaa vya pamba vilivyoandikwa kwa brashi. Leo ni turubai la plastiki ya PVC lililochapwa kwa mashine ya kunyunyiza wino. Turubai la uzito wa kawaida wa gramu 440 kwa mita ya mraba, likiwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1, lina zaidi ya kilo 1.3, sawa na karatasi 260 hivi za A4, na mara nyingi hutumika kwa siku moja tu kwa sababu limeandikwa tarehe. Goma, mji wa mashirika ya misaada, warsha, kampeni na semina, huzitumia mno. Familia huyaokota na kuyatia kwenye paa na kuta, jambo ambalo ni hekima ya wenye shida na linastahili heshima. Lakini yakichakaa huchomwa pamoja na takataka nyingine, na PVC inapoungua kwa moto hafifu hutoa gesi ya asidi na sumu za jamii ya dioksini. Amri ya serikali ya Desemba 2017 iliyopiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki haikuandikwa kwa ajili ya mabango hayo. Inasikitisha kuona ujumbe wa kuzuia kipindupindu, au hata wa kulinda ziwa, ukichapwa juu ya kitu ambacho kitaishia humo humo ziwani. Taka za plastiki zinazoelea Kivu husukumwa hadi mdomo wa Mto Ruzizi, Bukavu, zikaziba mitambo ya bwawa la umeme ambalo Goma pia hulitegemea, na umeme ukikatika duka la uchapaji huwasha jenereta. Dawa ni nyepesi: bango lichapwe bila tarehe wala jina la ukumbi, na maelezo hayo yawekwe kwenye kipande cha karatasi kinachobandikwa na kubanduliwa, au fundi wa brashi arudishiwe kazi yake juu ya pamba.

Katika suala la umeme Goma haina sababu ya kuona haya mbele ya Ulaya. Umeme wa Kongo hutoka karibu wote kwenye maji. Kituo cha Matebe, Rutshuru, kilichojengwa chini ya Hifadhi ya Virunga na kuzinduliwa Desemba 2015, kina megawati 13 hivi, na kampuni ya Nuru ilianzisha Goma mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3. Ujerumani bado inachoma makaa ya mawe. Tatizo la Goma ni kukatika kwa umeme, kama ilivyokuwa mwishoni mwa Januari 2025 wakati wa vita ambamo waasi waliuteka mji.

Lakini kupunguza taka kwa kuchapa kidogo hakumaanishi kuacha kuchapa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua ya MV Merdi, iliyotoka Minova wakati vita vilipokuwa vimeifunga barabara ya kwenda Goma kupitia Sake, ilizama mita mia kadhaa kutoka gati la Kituku ikiwa imejaa kupita kiasi, na siku zilizofuata idadi ya waliokuwamo ikawa jambo la kubishaniwa huku familia zikisubiri ufuoni. Tiketi yenye namba ya mfululizo na daftari la abiria lenye nakala mbili, moja ikibaki bandarini, ni kazi ambayo duka lolote dogo linaweza kuichapa kwa gharama ndogo. Zisipojazwa hazisaidii kitu. Zikijazwa, msimamizi wa bandari anajua ni lini mashua imejaa. Mpiga chapa anayejali mazingira ni yule anayeweza kupambanua karatasi ya aina hii na kalenda ya kung'aa yenye picha ya mheshimiwa.

Hapa ndipo wanaoishi ughaibuni wanapohusika moja kwa moja, kwa kuwa desturi ya kuagiza kadi, fulana na vitabu vya chama kwenye tovuti za bei nafuu za Ulaya, kisha kuvituma nyumbani kwa masanduku, imeenea. Karatasi inayouzwa Goma yenyewe husafiri mbali, ikiingizwa kutoka ng'ambo kupitia Mombasa au Dar es Salaam na kuvuka Uganda au Rwanda. Lakini karatasi nyeupe iliyofungwa kwenye rimu hutumika hadi ya mwisho, ilhali sanduku la vitabu lililochapwa kwa kukisia huacha mabaki. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwaka 2025, mzigo huo ulianza kuzunguka kwa njia ndefu zaidi. Kutuma faili badala ya sanduku, na kuagiza nakala 50 zinazohitajika badala ya 500 zinazoonekana nafuu kwa bei ya moja moja, huwaachia mafundi wa Goma ujira, katika mji ambao benki zake zilifungwa mwaka 2025 na fedha taslimu zikawa adimu.

Mteja mwenye nguvu kuliko wote, hata hivyo, ni shirika linalotangaza zabuni na kumpa kazi mwenye bei ya chini kabisa, bila kuuliza wino gani umetumika wala kiyeyushi kimekwenda wapi. Mashirika hayo hayo, katika makao yao makuu ya Brussels, Geneva au Paris, hudai karatasi yenye alama. Kama yangeongeza maswali manne kwenye fomu ya zabuni ya Goma, yaani aina ya wino, mahali panapohifadhiwa viyeyushi, mpokeaji wa mabamba yaliyotumika, na kama bango linaweza kutumika zaidi ya mara moja, na kama yangekubali kulipa tofauti ya bei inayotokana na majibu, duka lenye beseni chini ya dumu lake lingeacha kushindwa na duka linalomwaga nyuma ya ukuta.