Theluji ya Vidole Viwili

Desemba 2023, pale Minneapolis, theluji ilikataa kuja. Yaani umenunua koti zito kama godoro, halafu ardhi iko kahawia tu kama Machakos mwezi wa Septemba. Ilipoanguka mwishowe, haikuzidi vidole viwili.

Jirani yangu mmoja alikuwa ameniazima skii za marehemu mkewe. Huku wazee huitwa kwa majina yao. Ulimi wangu ulikataa, nikawa namwita Mzee, naye akazoea. Aliposikia mimi Mkenya, basi! Kila siku ni Philip Boit: jinsi alivyomaliza wa mwisho Nagano mwaka 1998, nafasi ya 92 katika kilomita 10, na Bjørn Dæhlie, mshindi mwenyewe, akamsubiri ili amkumbatie. Mimi hata kukimbia kwa miguu siwezi. Nani ataamini?

Mzee alinionya: usiziguse mpaka theluji iwe nene. Mwanzo wa msimu wenyeji hutumia skii kuukuu zisizo na uchungu, au huenda bustani ya Theodore Wirth, kwenye njia inayomwagiwa theluji ya mashine. Wengine hukimbia tu. Nikaona ananichelewesha. Jumapili alfajiri nikatoka kimyakimya, nikaingia msituni.

Mita mia za kwanza, raha tupu. Kisha majani makavu yakaanza kunishika kama breki. Kwenye mteremko nikasikia kwaruu! Skii zikasimama, mimi nikaendelea. Nilipoinuka nikageuza moja: jiwe lilikuwa limechimba mfereji upande wa chini. Nikatia ukucha, ukazama.

Nikavaa raba zangu, skii begani, mbio nyumbani kabla hajaamka. Theluji iliyokanyagwa na watu ilikuwa imegeuka barafu. Ukirefusha hatua, chali. Hatua fupi fupi, basi, unyayo mzima chini. Tangu shule sikuwahi kukimbia vile, na uongo nikiutunga njiani.

Nilimkuta mlangoni na kikombe cha kahawa. Uongo wote ukayeyuka, nikampa skii. Akapitisha kidole kwenye mfereji, kisha akakisogeza kando kidogo, kwenye kovu la zamani lililozibwa ambalo sikuwahi kuliona.

“Huu wako,” akasema. “Huu wake. Naye nilimwambia asubiri.”

Akaingia ndani. Alirudi na kijiti cha plastiki ya kuzibia na kiberiti, akaniambia nishike skii vizuri, isitikisike.