Shela, Masika na Nahodha wa Pangani



Kila mwaka maharusi huniuliza: "Dada, fungate ya mwezi wa 4 au wa 5 inafaa? Tumeambiwa bei ni nafuu." Leo nawajibu kwa kisa changu mwenyewe, na wala si kisa cha kujisifu.

Mimi ni fundi wa mashela, naishi Janga, Kibaha. Mwaka mmoja, mwezi wa 5, nilikuwa na shela la bi harusi wa Nungwi. Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri, nami nilimwahidi kufika Jumatano nimpime mara ya mwisho. Mume wangu ana wazee wake Pangani, na sisi wawili fungate hatukuwahi kuipata. Nikapiga hesabu zangu: Jumapili twende Pangani, tuwasalimie wazee, tupumzike, kisha Jumatano tuvuke kwa boti hadi Nungwi. Maji yenyewe ni kama kilomita 50 tu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini nani anawasikiliza?

Tulipanda basi Mlandizi, tukapita Chalinze, Segera na Muheza hadi Tanga, mvua ikitusindikiza. Adhuhuri na Alasiri tuliswali rakaa mbili mbili kama wasafiri. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 nyingine, na mwaka ule lami ilikuwa bado haijafika. Gari likakwama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, mimi nimelikumbatia shela nililolifunga nailoni mara tatu.

Lakini uzuri wa pwani ile, mashallah! Mashamba ya mkonge, minazi, kisha bahari. Gesti tulikuwa peke yetu, wakatupunguzia karibu nusu ya bei. Mvua ilipopumzika tulivuka mto kwa pantoni hadi Bweni, tukatembea ufukweni hakuna jicho la mtu. Kwa mwanamke anayejistiri, hiyo ni raha isiyonunulika msimu wa watalii.

Jumatano alfajiri tukateremka kwa nahodha tuliyepatana naye. Mzee akatazama mdomo wa mto, maji ya mvua yanatoka kwa nguvu na mawimbi ya kusi yanaingia, yanagongana pale pale.

"Leo sivuki, mwanangu."

"Mzee wangu, nitakulipa mara mbili. Kuna bi harusi ananisubiri."

"Shela linashonwa tena," akasema, akaendelea kufunga kamba yake.

Nilikasirika. Kijana mmoja pembeni akasema yeye atanivusha. Mume wangu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ukipanda, na mimi napanda. Ila watoto wako Janga kwa bibi yao." Miguu ikaniisha nguvu. Nikaikumbuka Spice Islander, Septemba 10, 2011, karibu na hiyo hiyo Nungwi. Nikaikumbuka Skagit, Julai 18, 2012, msimu wa kusi. Ninyi wa visiwani hamhitaji kusimuliwa.

Nikampigia bi harusi. Alilia. Shangazi yake akachukua simu, na aliyoniambia sitayaandika hapa. Tukarudi kwa tope lile lile, tukalala Tanga. Alhamisi tulifika Dar es Salaam boti ya mwisho imeshaondoka. Ijumaa tukapanda ya kwanza, na kabla ya sala ya Ijumaa nilikuwa Nungwi, nimepiga magoti natia pini kwenye pindo huku wanawake wakipiga vigelegele chumba cha pili. Shela lilikaa vizuri, alhamdulillah. Malipo yangu yalikatwa shilingi 50,000, nami nikaona ni haki yao. Ahadi niliivunja.

Kisha shangazi akaniuma sikio: yule kijana alivuka Jumatano, na alifika salama. "Umeona?" Sikuwa na jibu.

Leo ninalo. Mtume (SAW) alimwambia yule bwana amfunge ngamia kwanza, kisha amtegemee Allah. Aliyemwacha wazi akamkuta asubuhi hakuwa na tawakkul zaidi, alisalimika tu. Kosa langu halikuwa kukataa boti. Kosa langu lilikuwa kuahidi Jumatano kwa njia ya bahari, mwezi wa 5, bila siku ya akiba.

Kwa hiyo, bi harusi wangu, nenda masika ukipenda. Bei ni nafuu, pwani ni yako. Ila baadhi ya hoteli hufungwa Aprili na Mei, uliza mapema. Sikiliza utabiri wa upepo na mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila mtu usiipande. Ongeza siku mbili kwenye ratiba yako. Na nahodha akisema leo havuki, mshukuru, umpe hata pesa ya chai. Mimi sikumpa, na hadi leo inanichoma.

Allah atulinde nchi kavu na baharini, na azibariki ndoa zenu. Amin.