Nyumba ya magurudumu katika visiwa vya Zeeland

Upande wa kusini-magharibi wa Uholanzi, mpakani na Ubelgiji, kuna mkoa uitwao Zeeland. Maana ya jina hilo ni « nchi ya bahari », nalo linaufaa. Zamani sehemu kubwa ya mkoa huo ilikuwa visiwa, na mtu hakutoka kisiwa kimoja kwenda kingine ila kwa chombo. Siku hizi vimeungwa kwa madaraja na matuta makubwa, hata mtu aweza kuvizunguka kwa gari. Mashamba mengi yako chini kuliko bahari. Ukisimama juu ya tuta, utaona maji upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, nao ng'ombe wanalisha mahali palipo chini kuliko yale maji.

Mimi na mke wangu tulivizunguka visiwa hivyo kwa siku sita, mwezi wa Septemba. Shemeji yangu akaaye Antwerp alituazima gari-nyumba lake, yaani gari lenye kitanda, jiko la gesi, meza ndogo na tangi la maji. Msafiri wa gari hilo si mgeni wa hoteli: atapika mwenyewe, atafagia mwenyewe, na maji machafu atayamwaga mwenyewe mahali palipowekwa. Tena ni nyumba ndogo mno. Mume na mke wakiwa na neno linalowatenga, hakuna chumba cha kukimbilia.

Nasi tulikuwa na neno. Kiwanja alichoniachia marehemu baba yangu kiko Uvira, karibu na ziwa Tanganyika. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lenyewe likapanda na kuingia majumbani. Kuta mbili za nyumba yetu zilianguka. Mimi nilitaka kuzijenga tena palepale, kwani ni urithi. Mke wangu akasema: « Baba watoto, urithi ni watoto, si udongo. Tuhamie juu. » Miezi minane tulirudia maneno hayo hayo.

Siku ya pili ya safari tulivuka daraja la Zeeland, lenye urefu wa mita 5,022, lililofunguliwa mwaka 1965, tukafika kisiwa cha Schouwen-Duiveland. Katika kijiji cha Ouwerkerk yako makasha manne makubwa ya saruji. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba iliisukuma bahari juu ya matuta, yakapasuka mahali pengi, na watu 1,836 wakafa katika Uholanzi. Makasha hayo yalizamishwa mwaka ule ule ili kuziba pengo kubwa la mwisho, na leo ni nyumba ya makumbusho. Mhandisi Johan van Veen alikuwa ameonya miaka mingi kabla ya hapo kwamba matuta hayatoshi. Wazee wetu walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mke wangu aliyatazama majina ya waliokufa muda mrefu, asiseme neno.

Siku ya nne tulipita juu ya kizuizi cha Oosterschelde. Urefu wake ni karibu kilomita 9, nacho kina milango 62 ya chuma. Hapo kwanza serikali ilikusudia kuiziba ghuba yote kwa tuta. Wavuvi na wafugaji wa kome na chaza wakakataa, maana bahari isipojaa na kupwa humo, viumbe hivyo vingekufa. Lakini kuiacha ghuba wazi kulikuwa kuwaacha watu hatarini. Ndipo wakabuni njia ya tatu: milango ikae wazi, ifungwe tu maji yanapotazamiwa kufikia mita 3 juu ya kipimo cha kawaida. Kizuizi kilifunguliwa rasmi mwaka 1986. Gharama yake ilikuwa kubwa zaidi, lakini hakuna upande uliopoteza yote.

Wengine watasema: « Hao ni matajiri, sisi tuna nini? » Ni kweli, hatuna fedha za milango 62. Lakini angalieni jambo hili. Tangu karne za kati, watu wa nchi hiyo wana mabaraza ya maji. Wenyeji huyachagua, na kila nyumba hulipa kodi yake, iwe bondeni au mahali pa juu. Hakuna mtu anayejenga tuta lake peke yake mbele ya mlango wake.

Usiku ule tuliegesha gari karibu na mji wa Veere. Mvua ilipiga juu ya paa, nasi tukazungumza mpaka saa sita. Nikamwuliza mke wangu:

« Na huko juu, mto ushukao mlimani hautatufuata? »

Akajibu: « Utatufuata tukiwa peke yetu. »

Basi tukakata shauri. Nyumba itajengwa juu, mbali na korongo. Kiwanja cha baba hakitauzwa. Kitapandwa miti na mboga, watoto wapate kujua babu yao aliishi wapi. Na jirani zetu wapya tutawaomba tufanye salongo ya mitaro kabla ya kila majira ya mvua, pasipo kungoja amri ya mkubwa yeyote.

Enyi baba na mama, mkiwa na neno linalowatenga, msingoje kuazimwa gari-nyumba. Fungeni mlango, kaeni karibu, wala msitafute nani ashinde. Tafuteni njia ya tatu, ambayo mwenzako naye aweza kuipita. Kisha tokeni nje, mkamwulize jirani: mtaro wetu tutausafisha lini?