Mwaka Wetu wa Kaskazi na Kusi

Ndugu zangu wa nasaba, popote mlipo, kila ifikapo Agosti baadhi yenu huniuliza nimeupangaje mwaka wa masomo ya nyumbani. Jibu langu huwa fupi: nimeugawa sehemu mbili, basi.

Kwanza tuelewane. Uswidi hairuhusu mzazi kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule, isipokuwa kwa sababu za kipekee mno; ndivyo isemavyo sheria ya elimu ya mwaka 2010. Wanangu huenda shule hapa Stockholm kama wenzao. Somo la lugha ya nyumbani limo shuleni tangu miaka ya sabini, lakini manispaa hailazimiki kulitoa ikiwa wanaolihitaji hawafiki watano, au mwalimu asipopatikana. Kwa hiyo Kiswahili na habari za ukoo hubaki kuwa kazi ya jioni, watoto wakiwa wamekwisha choka.

Hatari iliyopo mnaijua. Mwanangu mkubwa alipotimiza miaka kumi na mitatu alianza kunijibu kwa Kiswidi. Mama yangu, aliyeko Unguja, hajui hata neno moja la lugha hiyo, na umri umemwendea. Mjukuu akiipoteza lugha, humpoteza bibi angali hai. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wazazi waandike ratiba ndefu: Jumatatu ngeli, Jumatano hadithi, Jumamosi mtihani. Ratiba za namna hiyo hazivuki majira ya baridi, na lugha hugeuka adhabu.

Wazee wetu walipanga mwaka kwa pepo. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Omani. Kusi iliyafuata na kuyarejesha. Nahodha aliujua msimu, si siku. Na chuoni, watoto walikaa mkeka mmoja: huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye juzuu ya Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, na wote walihesabiwa kuwa wanasoma.

Nasi tumefuata hivyo. Kaskazi yetu ni wakati wa giza, ambapo mwezi wa Desemba jua la Stockholm huchomoza karibu saa tatu kasorobo na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Huo ni msimu wa kusoma. Binti yangu aliuliza kwa nini saa moja asubuhi kuna giza, na swali hilo likawa somo la wiki nzima: saa ya Kiswahili ilizaliwa karibu na ikweta, mahali ambapo jua halichelewi. Kusi yetu ni mwanga: kupika, kutembea, kutaja vitu kwa majina yake.

Jambo moja tu halihamishwi, nalo ni simu ya Ijumaa kwa bibi. Jahazi lisilo na haraka bado lina nanga.

Mwaka huu kaskazi nzima ilikwenda katika ukurasa mmoja: barua ya baba yake bibi, ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kijana alianza Januari kwa kutambua herufi. Mwezi Machi aliusoma ukurasa wote kwenye simu. Bibi alimsahihisha jina moja la shangazi, kisha akanyamaza kwa muda, kisha akaomba asomewe tena. Hakuna ratiba ya wiki ambayo ingeupa ukurasa mmoja miezi mitatu.

Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huangukia katikati ya likizo ya kiangazi. Siku hiyo ndipo tunapofunga hesabu: kila mtoto husimulia jambo moja alilolipata, kwa Kiswahili, kwa mwendo wake. Atakayependa kujiunga nasi kwa simu, kutoka Maskati, Toronto au Mombasa, karibu. Aje na barua yake.