Dari Mpya, Paa Bovu

Akina mama wenzangu, huku kwetu Matombo mvua si mgeni. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga milima ya Uluguru upande wetu wa mashariki, na mvua hunyesha hata miezi ambayo Morogoro mjini ni vumbi tupu. Nalijua hilo tangu utoto. Hata hivyo, mwaka ule nilitaka dari.

Binti yetu wa kwanza alikuwa akijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na wageni wangekuja. Fedha ya ndizi na mananasi tulikuwa nayo. Baba watoto akaniambia, "Mama watoto, bati lina matundu ya misumari. Tuzibe kwanza, dari tungoje masika yaishe." Nikamjibu kwamba dari ndiyo itakayoyaficha hayo matundu. Nilisema mpaka akanyamaza, nikadhani nimeshinda.

Tulinunua hadibodi mjini, zile za futi 4 kwa 8, laini mbele, na nyuma zina alama kama za wavu. Chumba kikapendeza. Wageni wakasifu.

Masika yalipokolea niliona doa la kahawia. Sikusema. Doa likapanuka, ubao ukavimba kama tumbo. Nikausogeza mkeka wa mtoto, bado sikusema. Usiku mmoja ubao ukaanguka kando ya kichwa chake. Mungu alimlinda, alilia kwa hofu tu.

Baba watoto hakunigombeza. Aliniuliza, "Ulikuwa umeona?" Nikakubali. Akasema, "Ungeniambia." Neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Fundi aliyekuja kutengeneza alitueleza tusiyoyajua. Hadibodi ni mti uliosagwa ukawa nyuzi, kisha nyuzi zikashindiliwa kwa moto na nguvu nyingi. Mmarekani William Mason ndiye aliyeanza kuitengeneza hivyo mwaka 1924 huko Mississippi, akitumia mabaki ya mbao. Ni ubao mzuri, mwepesi, usio na vifundo. Lakini nyuzi hunywa maji, na zikishavimba hazirudi zilivyokuwa hata zikikauka.

Kwa hiyo, mama, ziba paa kwanza, ungoje mvua kubwa mbili tatu uone kama ni kavu kweli. Mbao zikifika, zilaze bapa chumbani siku mbili zizoee hewa ya nyumba. Usiziegemeze ukutani, zitapinda. Paka rangi pande zote mbili, na zaidi kwenye kingo, maana maji huanzia hapo. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ndogo, kisha ifunike kwa ufito. Usizitumie bafuni wala mahali penye mvuke.

Makabati ya MDF nayo ni nyuzi za mti, ila zimeshikwa kwa gundi. Yainue kidogo yasiguse sakafu unayopiga deki. Fundi akatie nje, afunike pua na mdomo, na watoto wakae mbali, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Vipande vilivyobaki msipikie. Moshi wa gundi ile ni sumu.

Nabii Ezekieli, sura ya 13, anawakemea waliopaka chokaa ukuta dhaifu. Nilikuwa nimeisikia sura hiyo mara nyingi, nikidhani inawahusu wengine. Kumbe nami nilikuwa nimepaka chokaa: kwanza juu ya bati bovu, kisha juu ya kosa langu mwenyewe.

Tulikaa mwaka mzima bila dari, tukitazama bati lililozibwa kwa lami. Sasa dari ipo tena, na ni kavu. Nikiona doa, hata dogo, namwita baba watoto siku hiyo hiyo. Naye siku hizi huniambia yake.